Mlango wa Nchi Usifunguliwe kwa Siri

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanaharakati na waumini



Huenda baadhi yenu mlishangaa kusikia kwamba mazungumzo ya leo yanahusu forodha. Mmezoea kwamba tukija hapa tunazungumza juu ya Katiba, kura na wafungwa. Forodha, mtasema, ni shauri la matajiri wenye makontena na mawakala wao kule Mombasa. Lakini waumini miongoni mwenu wanakumbuka kwamba Mathayo alipoitwa hakuwa shambani wala mashuani. Alikuwa forodhani, kazini pake. Na watoza ushuru walipomwendea Yohana kumwuliza wafanye nini, hakuwaamuru waache kazi hiyo. Aliwakataza kutoza zaidi ya kiwango kilichowekwa. Tangu enzi hizo watu walitambua kwamba mahali penye meza, muhuri na askari ndipo mkubwa na mdogo wanapokutana mbele ya sheria, na ndipo inapojulikana kama sheria hiyo ni moja au ni mbili. (Zakayo tumwache kwa leo. Tangu 2023 jina lake limeimbwa mno barabarani, nasi hatungependa kuwachekesha kabla hatujasema tulilokuja kulisema.)

Tuanze na hesabu, kwa sababu ushuru wa forodha hulipwa na watu ambao hawajawahi kuiona bandari. Tuseme mfanyabiashara ameagiza bidhaa ambayo thamani yake, pamoja na nauli ya meli na bima, ni shilingi 100,000, na bidhaa hiyo imo katika daraja la asilimia 25 la ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki. Atalipa ushuru wa forodha shilingi 25,000. Kisha ushuru wa thamani ya ziada, asilimia 16, utahesabiwa juu ya shilingi 125,000, wala si juu ya laki moja. Nao utakuwa shilingi 20,000. Hapo amekwisha kulipa 45,000, na bado kuna ada ya tamko la uagizaji, na ile tozo ya maendeleo ya reli iliyoanzishwa 2013. Mfanyabiashara huyo si mpumbavu. Gharama hizo zote ataziweka katika bei, pamoja na gharama ya siku ambazo kontena lilikaa bandarini bila sababu, pamoja na kile alichokitoa ili faili lisogee. Mama anayenunua karai sokoni Kakamega hulipa fungu lake la vyote hivyo, akidhani amelipa bei ya karai.

Basi, ndugu zetu, forodha si shauri la matajiri.

Wale wenye mvi humu ndani hawahitaji kukumbushwa habari za Goldenberg, ila vijana wetu wengi hulisikia jina hilo kama hadithi ya kale, na ni haki yao waelezwe jinsi wizi ule ulivyofanyika. Ilikuwapo sheria ya kuwafidia wenye viwanda wanaouza bidhaa nje ya nchi, ili warudishiwe sehemu ya ushuru walioulipa kwa malighafi. Sheria yenyewe haikuwa mbaya. Mwaka 1990 kampuni ya Goldenberg International ikapewa peke yake haki ya kusafirisha dhahabu na almasi, na badala ya fidia ya asilimia 20 iliyoruhusiwa na sheria, ikaahidiwa asilimia 35. Kenya haikuwa na mgodi wa almasi. Hata hivyo karatasi zilijazwa, zikatiwa sahihi, zikapita idara kwa idara zikidai kwamba mali yenye thamani kubwa imevuka mpaka. Na kwa nguvu ya karatasi hizo Hazina ya umma ikatoa mabilioni ya shilingi.

Tazameni vizuri mambo yalivyokuwa. Hakuna aliyevunja mlango wala aliyepita njia ya panya usiku wa manane. Taratibu zote zilifuatwa kwa karatasi, fomu zilikuwapo na mihuri ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa nje mwenye haki ya kuzitazama. Na zilipotazamwa, ilikuwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ujasiri wa kijana mmoja wa Benki Kuu, David Munyakei, aliyeona tarakimu zisizoingia akilini na kuzitoa nje mwaka 1993. Ya pili ni kwamba, baada ya uchaguzi wa Desemba 1992, Bunge lilikuwa na wabunge wa upinzani wa kupelekewa karatasi hizo. Miaka miwili kabla ya hapo angempelekea nani? Munyakei alikamatwa na kushtakiwa kwa kutoa siri za serikali. Hata mashtaka yalipoondolewa, hakurudishiwa kazi yake. Tume ya Jaji Bosire ilianza kazi 2003 na kutoa ripoti 2006. Mwaka huo huo Munyakei alifariki akiwa maskini.

Tumeyaleta hayo kwa sababu tunataka kuzungumzia mageuzi ya forodha yaliyofuata, na hatungependa mtu adhani tunayabeza. La hasha. Mengi yamefanyika. Mwaka 1995 idara za ushuru zilitolewa chini ya Wizara ya Fedha na kuunganishwa katika mamlaka moja, KRA. Mwaka 2005 Kenya, Uganda na Tanzania zilianza umoja wa forodha wenye viwango vya pamoja na sheria moja. Mwaka huo huo forodha yetu ilianza kutumia mtambo wa kompyuta ulioitwa Simba, ambao asili yake ni mtambo uliobuniwa na kutumiwa Senegal. Tunapenda kulitaja hilo, kwani tumezoea kuambiwa kwamba kila chombo cha maana lazima kitoke Ulaya. Tangu 2011 pana shirika la umma liitwalo KenTrade lenye kazi ya kuziweka idara zote zinazotoa vibali, za afya, za mimea, za viwango na nyinginezo, nyuma ya dirisha moja la elektroniki, ili mwagizaji asizunguke na bahasha kutoka jengo hadi jengo. Na mwaka 2022 Bunge lilipitisha sheria ya dirisha hilo. Mwaka 2014 mataifa ya jumuiya yetu yaliafikiana kwamba mzigo wa Kampala au Kigali ulipiwe ushuru wakati ungali Mombasa, kabla ya kuanza safari, badala ya kusimamishwa na kufunguliwa kila mpakani. Tangu 2017 malori ya mizigo ipitayo hufungwa mihuri ya elektroniki ambayo Kenya, Uganda na Rwanda huifuatilia pamoja. Wale wakulima wa miwa kati yenu wanaijua maana yake. Wanakumbuka sukari iliyoandikwa kwamba ni ya kupita tu kwenda nchi jirani, ikateremshwa usiku katika maghala yetu na kuuzwa kwa bei ambayo asiyekwepa ushuru hawezi kushindana nayo.

Hayo ni mema, nasi twayapokea. Kompyuta hupunguza idadi ya mikono ambayo karatasi hupitia, na kila mkono uliopunguzwa ni mlango mmoja wa chai uliozibwa. Lakini kompyuta haijui aibu. Hufanya inaloambiwa na mwenye neno la siri la kuifungulia. Ukimwambia mtambo kwamba mzigo fulani upite njia ya kijani, yaani usikaguliwe, utapita. Na yule asiye na mtu ndani atapelekwa njia nyekundu, kontena lake lifunguliwe na kumwagwa nje hadi kijiko cha mwisho. Katika kioo cha mtambo njia zote mbili ni halali. Kwa hiyo swali letu la siku zote linabaki pale pale: nani ana haki ya kuuliza kwa nini?

Na tukisema hivyo hatusemi kama watu waliokaa pembeni wakiwa na mikono safi. Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu kiliahidiwa vitanda vya hospitali vilivyotumika, zawadi ya waumini wa ng'ambo kwa zahanati moja ya kanisa. Tukaomba msamaha wa ushuru kama sheria inavyoruhusu kwa vifaa vya namna hiyo. Kontena likafika. Siku za kukaa bure bandarini zikaisha, na kila asubuhi gharama ya hifadhi ikaongezeka, pamoja na malipo ya kulishikilia kontena la watu. Katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, hakuna mtu aliyetukatalia. Tungekataliwa, tungejua la kufanya! Tuliambiwa faili liko juu ya meza, kisha kwamba mkubwa amesafiri, kisha kwamba mtambo umelala. Wiki ya nne wakala wetu akatuambia kwa sauti ya chini kwamba yuko mtu anayeweza kusaidia. Hatukumwuliza ni nani wala kwa njia gani. Siku ya tatu barua ikatoka, vitanda vikasafiri, na katika ankara ya wakala palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa gharama nyinginezo.

Tuliulipa. Katika hesabu za kikundi tuliuingiza chini ya usafirishaji. Mweka hazina wetu, mama mtu mzima ambaye hakusoma sana, alituuliza mbele ya kamati, "Hizi nyinginezo ni zipi?" Tukanyamaza, nasi ndio watu ambao tumekuwa tukizunguka nchi hii tukihubiri uwazi. Vitanda vile vingali vinatumika, na wagonjwa wanalala juu yake. Lakini hatujapata jibu la kumpa yule mama.

Baadaye, tulipokwisha kutulia, tuliisoma sheria yenyewe, na hapo ndipo tulipoona aibu ya pili. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, katika kifungu cha 229, inasema kwamba mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa afisa wa forodha, au na afisa kutotenda alilopaswa kutenda, anaweza kumwandikia Kamishna ndani ya siku 30 akitaka jambo hilo liangaliwe upya. Kamishna naye amepewa siku 30 kujibu kwa maandishi na kutoa sababu. Asipojibu katika muda huo, ombi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Tafakarini hilo: ukimya wa mkubwa, ambao siku zote tumeufahamu kama hukumu dhidi yetu, sheria inauhesabu kuwa ushindi wetu. Na asiyeridhika na jibu ana siku 45 za kwenda mbele ya Jopo la Rufaa za Ushuru. Silaha hiyo ilikuwapo wakati vitanda vyetu vimelala juani. Hatukuitumia kwa kuwa hatukuijua, na wakala wetu, kama aliijua, hakuona faida ya kutuambia.

Sasa tuondoke bandarini twende Busia, ambako forodha haipimwi kwa makontena bali kwa ndoo na vikapu. Busia ndio mji uliotupa neno boda boda, kwa ajili ya wale vijana wa baiskeli waliobeba watu na mizigo kutoka kituo cha mpaka cha upande huu hadi cha upande ule. Februari 2018 kituo kimoja cha pamoja kilizinduliwa hapo, ili anayevuka asimamishwe mara moja tu badala ya mara mbili. Jengo ni zuri. Kadhalika Jumuiya imeweka utaratibu mwepesi kwa wachuuzi: mwenye bidhaa zilizozalishwa katika nchi za jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti cha asili ya bidhaa pale pale mpakani na hatozwi ushuru wa forodha.

Kwa nini basi akina mama wenye mayai, nyanya na omena bado huzipita njia za panya, wakihatarisha mali yao na wakati mwingine heshima yao ya kike? Kwa sababu kutotozwa ushuru wa forodha si sawa na kutotozwa kitu. Kuna cheti cha afya ya mimea, kuna ada za soko, na kuna askari ambaye hajaajiriwa na forodha lakini amesimama barabarani. Mama akiambiwa alipe, hana mahali pa kusoma kama anadaiwa kwa haki. Orodha ya bidhaa imo katika nyaraka za Kiingereza. Ingegharimu nini kuiandika ukutani kwa Kiswahili, kwa Kisamia na kwa Kiteso, kwa herufi za kusomeka, na chini yake iandikwe kwamba asiye na karatasi rasmi ya malipo hajalipa ushuru bali ameibiwa? Mkataba wa Kurahisisha Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ambao Kenya iliuridhia 2015 na ambao ulianza kutumika 2017, unazitaka nchi zichapishe ada na taratibu zao ili yeyote azione. Mchuuzi ni yeyote. Hatuoni kwa nini uchapishaji huo uwe wa wenye kompyuta peke yao.

Tena pana tabia nyingine ya kale ambayo mashine haikuiondoa, nayo ni ya kutawala kwa agizo. Agosti 2019 wakubwa waliagiza kwamba mizigo ya kuja Nairobi na kupita ibebwe kwa reli mpya na kutolewa kwenye bohari ya bara. Madereva, mawakala na wenye maghala ya Mombasa wakajikuta hawana kazi, na watu wa Pwani wakaandamana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa iliona kwamba maagizo hayo yalikiuka Katiba. Kisha Septemba 2022, siku ile ile ya kuapishwa kwake, rais mpya akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Watu wa Pwani walishangilia, wala hatuwalaumu. Lakini tunawauliza ndugu zetu hao, kwa upendo: kilichofungwa kwa neno la mtu mmoja na kufunguliwa kwa neno la mtu mmoja, kitazuiwa na nini kisifungwe tena?

Tunakuja kwenye jambo tulilowaitia. Kifungu cha 210 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna ushuru utakaotozwa wala kusamehewa ila kwa mujibu wa sheria. Na pale sheria inaporuhusu msamaha, kifungu hicho kinaamuru iwekwe kumbukumbu ya umma ya kila msamaha pamoja na sababu yake, na kila msamaha uarifiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Vilevile kinakataza sheria yoyote ya kumwondolea afisa wa dola wajibu wa kulipa ushuru kwa sababu ya cheo chake. Hayo hayakuandikwa kwa bahati. Yaliandikwa na taifa lililokwisha kuonja Goldenberg.

Tuwe waadilifu: baadhi ya nafuu za ushuru huchapishwa katika Gazeti rasmi la Jumuiya pamoja na majina ya viwanda vilivyopewa, na Wizara ya Fedha imekuwa ikitoa taarifa ya jumla ya mapato yaliyosamehewa. Lakini jumla haituambii nani, lini na kwa nini. Mpunga uliosamehewa ushuru hauonekani katika jumla. Wala hatuogopi kwamba jina la kikundi chetu na vile vitanda vyetu litakuwa katika orodha hiyo, lapaswa kuwamo.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa serikali, na afisa husika ana siku 21 za kuamua. Akikataa au akinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Sheria hiyo inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Letu tumeliandika kwa Kiswahili, kurasa mbili. Linaomba kumbukumbu ya misamaha yote ya ushuru wa forodha iliyotolewa katika mwaka wa fedha uliopita, pamoja na sababu ya kila mmoja. Nakala ziko juu ya meza karibu na mlango. Atakayetia sahihi aandike pia nambari ya kitambulisho. Mweka hazina wetu, yule mama, ndiye aliyetia sahihi ya kwanza, na ndiye atakayezihesabu zilizobaki jioni hii.